Mwanangu anasubiri baba yake agonge mlango siku ya Krismasi

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike mitano, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Ni fundi cherehani. Baba yao aliondoka miaka mitatu iliyopita kwenda Kahama kutafuta maisha machimboni. Mwanzoni alipiga simu na kutuma hela, baadaye kimya. Mwaka huu amepiga mara moja tu, mwezi wa nne. Hajawahi kunipiga wala kunitishia, ila nasikia huko ana mwanamke. Krismasi iliyopita watoto waliangalia kwenye king'amuzi komedi moja ya Kimarekani iliyowekewa sauti za Kiswahili. Ilikuwa sehemu ya Krismasi: mama anaishi peke yake na watoto, mtoto anaomba usiku kucha baba arudi, mwishoni mlango unagongwa, ni baba na zawadi zake, wote wanakumbatiana. Tangu mwezi wa kumi chaneli inairudia, na mwanangu ameshikilia kwamba baba atakuja Krismasi hii. Anaweka karanga kwenye kopo la Blue Band, hataki mdogo wake aguse, anasema za baba. Kila jioni anauliza mabasi ya Kahama yanafika saa ngapi stendi ya Nanenane. Amewatangazia wenzake shuleni. Juzi aliosha vyombo bila kutumwa akaniambia, 'nikiwa sina makosa atakuja'. Dada yangu anasema nimwambie baba alishakufa, yaishe. Mama anasema nizime TV. Mimi nafikiria nimpigie baba yao nimwombe aje hata siku moja, ila naogopa asije akawachukua. Nifanye nini?"*

Marahaba, dada. Hofu yako naiona ina sura mbili. Ya kwanza ni jioni ya tarehe 25 Desemba, giza limeingia, majirani wanapelekeana sahani za pilau, na kwako hakuna aliyegonga. Ya pili ni kwamba huenda televisheni imemharibu mtoto akili. Hiyo ya pili itue leo, haina msingi. Ya kwanza ni ya kweli, lakini bado muda upo, na kazi yenyewe unaiweza.

Tuanze na televisheni kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa. Mtoto wa miaka tisa anajua fika kwamba wale ni waigizaji. Ukimuuliza kama yule baba wa kwenye komedi ni baba mzazi wa yule mtoto, atakucheka. Ila kujua kwamba watu wanaigiza ni jambo moja, na kujua kama hayo wanayoigiza hutokea kwenye nyumba za watu ni jambo lingine, na hili la pili huchelewa sana kukomaa. Sisi wenyewe hatujalimaliza. Wangapi wameolewa wakimtegemea mume wa kwenye tamthilia? Mwanao hategemei yule mzee wa zawadi atokee Nkuhungu. Alichookota pale ni kanuni: kwenye nyumba ya mama peke yake, baba hurudi Krismasi, na hurudi kwa sababu mtoto ameomba vizuri.

Kwa nini aiokote pale? Kwenye maelezo yako sikuona mahali ambapo mtu mzima yeyote alikaa na huyu mtoto akamwambia baba yake yuko wapi na kwa nini harudi. Sikulaumu. Desemba ya fundi cherehani inajulikana: kila mteja anataka gauni lake kabla ya mkesha, unakula umesimama, na mwezi ambao mtoto anakuhitaji zaidi ndio mwezi wenye hela. Mazungumzo ya namna hii huahirishwa mpaka kuahirisha kukazoeleka. Lakini upande wa mtoto, nyumbani kumekuwa kimya miaka mitatu, na ipo sauti moja tu iliyowahi kulitaja jambo lake waziwazi, kwa Kiswahili, tena ikimchekesha. Ungekuwa wewe ungeisikiliza ipi?

Sasa ngoja nikueleze zile komedi zinavyotengenezwa, maana ukishajua utaweza kumwonyesha naye aone. Komedi ya familia ya Kimarekani hupewa nusu saa hewani. Ukitoa matangazo, hadithi hubaki na dakika 22 hivi. Ndani ya dakika hizo tatizo lizaliwe, likue, lichekeshe, life, kwa sababu wiki ijayo kuna jingine. Sehemu ya Krismasi ina sharti la ziada: watazamaji wamekaa na familia zao na hawataki kwenda kulala na huzuni. Mwandishi akishaanzisha habari ya baba asiyekuwepo, njia za kutokea ni chache, na rahisi kuliko zote ni mlango kugongwa. Baba yule wa kwenye komedi amerudi kwa sababu dakika zimeisha. Maombi ya mtoto yamewekwa pale ili sisi tulie kidogo kabla ya kufurahi.

Tena jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi vituo vya televisheni vya Marekani viliogopa kuonyesha watu walioachana. Mzazi wa peke yake aliruhusiwa, ila mwenzake awe amekufa. *The Andy Griffith Show*, iliyoanza 1960, ilikuwa na baba aliyefiwa na mke anayelea mtoto wake wa kiume. *Julia* ya 1968 ilikuwa na mama muuguzi ambaye mumewe, rubani, aliuawa Vietnam. Mwaka 1970 waliotunga *The Mary Tyler Moore Show* walitaka mhusika wao mkuu awe mwanamke aliyetalikiwa, kituo cha CBS kikakataa, ikabidi awe mwanamke aliyeachana na mchumba tu. Ni mwaka 1975 ndipo *One Day at a Time* ilipomweka mama aliyetalikiwa na binti zake wawili katikati ya komedi. Ukifikiri utaona mantiki ya woga ule: marehemu hasumbui. Hapigi simu amelewa, hadaiwi matunzo, hana mwanamke Kahama. Lakini ukiweka baba aliye hai na hayupo, kila sikukuu mtazamaji atauliza yuko wapi, na mwandishi atalazimika kumjibu kabla matangazo hayajaingia. Wewe huna haraka hiyo.

Kwa hiyo usizime. Ikirudiwa tena, kaa naye, hata kama mkononi unashona vifungo, muiangalie wote mpaka mwisho. Halafu muiangalie na sehemu inayofuata. Komedi hizi zina desturi ya kuanza upya kila wiki kana kwamba hakuna kilichotokea. Baba aliyekumbatiwa kwenye mkesha mara nyingi hayupo mezani wiki ya pili, wala hakuna anayemtaja. Mwache mtoto agundue mwenyewe. Unaweza kusema kama mtu anayejiuliza tu, "Hivi yule baba ameenda wapi tena?" Na ikitokea huyo wa kwenye komedi yenu amebaki, uliza miaka yote ile alikuwa wapi, huwa hawasemi. Usiulize kama mwalimu wa mitihani. Akijibu "labda yuko kazini", nyamaza kidogo. Akikugeuzia na kusema "na baba yetu je?", acha sindano.

Kabla sijafika kwenye cha kumwambia, elewa kinachomtesa. Pauline Boss, mtafiti wa familia wa Marekani, alianza kukichunguza miaka ya 1970, na kati ya aliowafuatilia ni familia za askari waliopotea katika vita ya Vietnam: mtu hayupo, lakini hakuna aliyesema hatakuwepo tena. Akaona kwamba hali hiyo inaweza kuwa nzito kuliko kifo, kwa sababu haina mwisho ambao watu wote wanautambua. Tazama sisi tunavyofiwa. Kuna turubai, kuna ndugu wanaolala kwako, kuna kuanua matanga, kuna arobaini. Mtaa mzima unakuambia limekufika, lia, halafu inuka. Baba aliyenyamaza Kahama hana turubai. Namba yake imo kwenye simu yako, na bila shaka jina lake limo kwenye fomu za shule. Mtoto hajui amlilie au amsubiri. Akabuni utaratibu wake, akatafuta kopo, akaweka karanga. Kopo hilo usiliguse, na mdogo wake asiliguse. Mtoto amekosa pa kuipeleka hamu ya baba yake, ameipeleka humo.

Kilichonishtua kwenye barua yako si karanga wala mabasi. Ni ile sentensi ya vyombo: "nikiwa sina makosa atakuja". Igeuze uisikie kwa upande wa pili: aliondoka kwa sababu nilikuwa na makosa. Baba alipoondoka, mtoto alikuwa na miaka sita, umri ambao mtoto anadhani kila linalotokea nyumbani linamhusu yeye, yakiwa mema au mabaya. Tena kujilaumu kuna faida yake kwa mtoto. Kama kosa ni langu, basi na dawa ninayo: nitaosha vyombo, nitashika nafasi nzuri darasani, nitaacha kugombana na mdogo wangu. Kuamini hivyo kunauma, ila kunauma kidogo kuliko kuamini kwamba hakuna lolote ninaloweza kufanya. Komedi ikaja kumthibitishia, aliyeomba vizuri alipewa. Sasa fikiria asubuhi ya tarehe 26. Ukimwacha na kanuni hiyo, hatasema kanuni ni mbovu. Atasema hakuosha vyombo vya kutosha.

Ndiyo maana ushauri wa dada yako, ingawa najua ameutoa kwa uchungu wa kukuona unahangaika, siuafiki hata kidogo. Mtoto akiambiwa baba amekufa ataomboleza kweli, ataomba aonyeshwe kaburi, na atakwenda kuwaambia wenzake shuleni. Halafu mwezi wowote simu italia. Au mtoto wa jirani atamwambia bombani, "Baba yako yuko Kahama, mama kasema." Siku hiyo atapoteza wawili kwa mkupuo: baba aliyefufuka na bado hamtaki, na mama ambaye neno lake halishikiki tena. Watu wazima waliodanganywa hivyo utotoni, ninaokutana nao katika kazi hii, mara nyingi baba wameshamsamehe. Hasira yao iko kwa aliyewadanganya.

Mama yako naye ana hoja, kwa sababu anaona televisheni ndiyo iliyowasha moto. Lakini ukizima, mtoto atajifunza kwamba jambo hili halizungumzwi, na hilo ameshajifunza la kutosha. Kuna njia nyingine hujaitaja, ila itakujia usiku mmoja ukiwa umechoka na hela ya ada haijatimia: kumwambia kwamba baba yake ni mtu wa ovyo. Jizuie. Mtoto anajijua ni nusu ya mama na nusu ya baba, na pengine ameshaambiwa na watu wazima kwamba kidevu chake ni cha baba yake mtupu. Tusi lolote kwa baba linamkuta yeye pia.

Basi umwambie nini? Ukweli, mfupi, wa kadiri ya umri wake, usio na matusi wala ahadi. Usimwite kikao. Watoto wa kiume wa umri huo hufunguka zaidi wasipotazamwa usoni. Mweke pembeni ya cherehani akupangie vifungo, au mtembee wote kwenda dukani. Sema kwa lugha yako, lakini yawemo haya: "Nataka kukwambia habari za baba, maana wewe sasa ni mkubwa na unapaswa kujua. Baba yuko Kahama. Ni mzima. Hajaniambia kwamba atakuja Krismasi, na mimi nadhani hatakuja. Kuondoka kwake ni mambo ya watu wazima. Hakukuwa na kosa lako hata moja, na hakuna kazi ya nyumbani inayoweza kumrudisha. Kumkumbuka si vibaya. Hata ukilia sitakasirika. Mimi nipo hapa na ninyi, siendi popote."

Halafu nyamaza. Anaweza kusema "muongo" na kutoka nje. Anaweza kukulaumu wewe kwamba ulimfukuza. Atakulaumu wewe kwa sababu wewe ndiye upo, na anajua hutamwacha kwa kulaumiwa. Usijitetee siku hiyo. "Najua umekasirika" inatosha. Au asiseme neno, kisha keshokutwa katikati ya kula akaulize, kama anayeomba chumvi, kama baba ana mke mwingine. Usiongope, wala usimpe zaidi ya alichouliza: "Nimesikia hivyo, sijaona." Jiandae kurudia mazungumzo haya tena na tena, habari kama hii mtoto huimeza kidogo kidogo. Na asipoacha kuweka karanga siku ya pili, usidhani umeshindwa.

Sasa la kumpigia baba yao. Kwa kuwa umesema hajawahi kukupiga wala kukutishia, sipingi. (Wewe unayesoma hapa na uliondoka kwa mwanaume kwa sababu ya kipigo, aya hii si yako, anzia dawati la jinsia na watoto polisi.) Ila dada, usimwombe aje. Mwombe kitu kidogo anachoweza kukitimiza: simu ya dakika kumi, siku fulani, saa fulani, aongee na watoto wote wawili. Mwanaume aliyekaa kimya muda mrefu mara nyingi amefungwa na aibu. Alikwenda machimboni kutafuta, hakupata, na kila mwezi unaopita unamfanya aone kurudi mikono mitupu ni fedheha zaidi. Simtetei. Nakueleza ili ujue kwa nini ukimwomba simu unaweza kupata, na ukimwomba zawadi atazima kabisa. Mwambie bila kuzunguka: "Usimwahidi kwamba utakuja. Muulize habari za shule, mwambie unamkumbuka." Akikujibu "nitajitahidi nije", wewe hesabu kwamba haji. Akisema amekata tiketi, mtoto asijue mpaka basi limeshapita Manyoni. Hata hiyo simu usimtangazie mtoto kabla haijalia.

Na kama atakuja kweli, siku yake ya kuondoka ijulikane kabla hajafika, na mtoto aambiwe hivyo tangu mwanzo: baba amekuja kusalimia, ataondoka Jumamosi. Aage mwenyewe, mchana, mtoto akiwa macho. Baba anayenyata alfajiri "ili mtoto asilie" anaacha nyuma mtoto atakayeanza kuogopa kulala.

Hofu yako ya kunyang'anywa watoto naielewa, na si ya bure, ila usiipe nguvu kuliko iliyo nayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka mbele maslahi ya mtoto, na wazazi wakigombania nani akae na watoto, mwamuzi ni mahakama, ambayo husikiliza pia ripoti ya afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri abaki kwa mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa sababu nzito, lakini ndipo pa kuanzia. Kwa mkubwa wataangalia mazingira yake na atakachosema mwenyewe. Umewalea peke yako miaka mitatu, wanasoma, wanakula. Hilo haliwezi kupuuzwa. Sheria hiyo ya Mtoto pia inambana baba kuhusu matunzo, awe Kahama au wapi. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kumwita mkapatana kiwango, na ikishindikana shauri likaenda Mahakama ya Watoto. Ushauri wangu ni mmoja tu hapo: madai ya matunzo na simu ya sikukuu visiwe kwenye mazungumzo ya siku moja. Mtoto asije akasikia kwamba sauti ya baba ilinunuliwa, au ilikosekana, kwa sababu ya hela.

Tuje kwenye siku yenyewe. Hujasema lolote kuhusu upande wa baba, na hapo ndipo ninapoona nafasi kubwa kuliko zote. Kama bibi mzaa baba yupo, iwe Mpwapwa, Bahi au wapi, na hamjakosana, wapeleke watoto kwake siku mbili tatu za likizo. Sheria inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na ukoo wake pia, lakini hata bila sheria, mwanao huenda anamtafuta baba kwa sababu anataka kujua yeye ni wa nani. Bibi anaweza kumjibu hilo pasipo baba kuwepo. Ana picha. Anajua baba yake alianguka kwenye mti gani akavunjika mkono. Desemba mvua ikiwa imenyesha watu wako shambani wanapanda uwele na mtama. Mtoto atapewa jembe, atachoka, jioni atakula ugali na mlenda na baba zake wadogo, atalala. Lakini kaa na bibi kwanza, ana kwa ana au kwa simu, umwombe asimwambie mjukuu "baba yako atakuja tu". Bibi zetu husema hivyo kwa huruma, na kwa mtoto huyu ni sumu.

Kama upande huo haupo, mjomba aje. Ila aje kama mjomba. Asitambulishwe kama "baba yako wa siku hizi", maana mtoto ataona unafuta nafasi ambayo bado anailinda. Mpe mjomba kazi moja inayojulikana: kumpeleka kunyoa kabla ya sikukuu, au kutoka naye Nyerere Square jioni.

Na wewe, mkesha ule funga cherehani saa kumi na mbili jioni, hata kama gauni la mtu limebaki. Atanuna, Januari atarudi. Watoto waambie mapema siku itakavyokwenda, tangu asubuhi mpaka usiku: kanisani, kupika, sahani za jirani ambazo wao ndio watazipeleka, wageni, kulala. Mtoto anayesubiri huhangaika zaidi kwenye saa tupu, na saa tupu ya kwenu nadhani ni ile ya jioni mabasi yanapoingia. Jioni hiyo awe na kazi au awe nyumbani kwa watu. Usikope kununua zawadi kubwa ili kuziba pengo. Anajua bei ya vitu, na atajua ni ya nini. Akitaka kuwapa watu karanga zake, amekata shauri mwenyewe, mshukuru. Akitaka kuziacha, ziache.

Kuhusu wenzake shuleni, mpe sentensi ya kusema shule zikifunguliwa Januari, ili asilazimike kutunga: "Baba yuko Kahama, mwaka huu hakuja." Ni kweli na ni fupi. Mwalimu wa darasa naye adokezwe kabla hajawaandikisha watoto insha ya "Sikukuu nyumbani kwetu", jambo ambalo walimu wetu hulipenda mno.

Mdogo wake alikuwa na miaka miwili baba alipoondoka. Anaweza kuwa anasubiri zawadi tu, au anamuiga kaka. Mjibu anachouliza, usimtwike huzuni ambayo hana.

Mwisho, lini utafute mtu wa kumwona ana kwa ana. Huzuni, hasira na ukimya wa wiki chache baada ya mazungumzo ni kawaida. Lakini akianza kukojoa kitandani wakati alishaacha, akikataa kula, akilalamika tumbo au kichwa kila asubuhi na hospitali hawaoni kitu, akitoroka kwenda stendi, akikataa shule Januari, au hali ikiendelea zaidi ya mwezi bila nafuu, mpeleke. Akisema anataka kufa, au ni heri asingezaliwa, usisubiri hata kesho. Anzia ustawi wa jamii wa halmashauri, au hospitali ya rufaa ya mkoa. Na ukielekezwa kwenda Mirembe usishtuke. Najua mjini kwetu jina hilo ni utani wa kumtukania mtu, lakini pale wapo wataalamu wa afya ya akili wanaohudumia wagonjwa wa nje, mtoto anaonwa na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Ukiwa huwezi kutoka, piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Ofisi ya ustawi nenda sasa, hata kama hana dalili hizo, ukaulizie la matunzo na uwafahamu. Wiki ya sikukuu maofisa wengi husafiri, utaambiwa urudi Januari.